Kutoka Kakamega Hadi Kitale: Mpaka Uliowagawa Walio Wachache

Mwaka 1963 Kakamega ilipanda cheo. Kutoka mji wa wilaya, ikawa makao makuu ya Jimbo la Magharibi, lenye bunge lake, rais wake wa jimbo na mamlaka, walau kwenye karatasi, juu ya ardhi, shule na polisi. Cheo hicho hakikuletwa na dhahabu ya mgodi wa Rosterman wala na wingi wa maduka. Kililetwa na hofu. Jamii za magharibi, kama wenzao wengi wa Bonde la Ufa na wa Pwani, zilikuwa zimeitazama nchi iliyokuwa karibu kupata uhuru, zikahesabu vichwa, zikaona kwamba kura zikihesabiwa zitakuwa chini siku zote. Zikadai ukuta wa kujikinga. Uingereza ikakubali kuujenga ndani ya katiba, na Kakamega ikawa mojawapo ya nguzo za ukuta huo.

Nimeifuata hofu hiyo kwa barabara, kutoka Kakamega hadi Kitale, kwa kuwa naamini kisa chake husimuliwa nusu. Tumezoea kuambiwa kwamba majimbo yaliuawa na chama cha KANU baada ya uhuru. KANU ilikuwa na mkono wake, tena mkono mzito. Lakini kabla mkono huo haujashuka, walio wachache walikuwa wamekwisha kushikana mashati wao kwa wao, na kitu walichokigombania kinafikika kwa matatu kabla ya chakula cha mchana.

Pa kuanzia ni Bustani ya Muliro, katikati ya mji wa Kakamega. Mchana wa siku ya kazi watu hupumzika humo chini ya miti: wanafunzi na madaftari yao, wachuuzi wa njugu, wazee waliotoka ofisi za serikali wakisubiri karani arudi kutoka mapumzikoni. Ukielekea kaskazini kwa barabara ya Webuye unakutana na jina lilelile kwenye lango la Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Vijana wengi wanaolivaa jina hilo kwenye fulana zao wanajua kwamba Muliro alikuwa miongoni mwa waasisi wa chama cha upinzani cha FORD mwaka 1991, na kwamba alianguka na kufa katika uwanja wa ndege wa Nairobi Agosti 1992. Ya nyuma zaidi hayatajwi sana.

Ya nyuma ni haya. Muliro alizaliwa Matili, karibu na Kimilili, akasoma hadi Chuo Kikuu cha Cape Town, akarudi nyumbani kufundisha. Machi 1957, Waafrika waliporuhusiwa kwa mara ya kwanza kuchagua wajumbe wao katika Baraza la Kutunga Sheria, alimshinda W. W. W. Awori katika kiti cha Nyanza Kaskazini. Waliochaguliwa walikuwa wanane: Tom Mboya, Oginga Odinga, Ronald Ngala, Daniel arap Moi, Lawrence Oguda, Bernard Mate, James Muimi na yeye. Kwa muda wanane hao walisema kwa sauti moja. Walisusia, walidai viti zaidi, waliitikisa serikali ya mkoloni wakiwa wachache ndani ya ukumbi wa Wazungu. Umoja wao ulidumu kwa sababu adui alikuwa mmoja na bado alikuwa ameshika usukani.

Mapema mwaka 1960, katika mkutano wa kwanza wa Lancaster House, London, Iain Macleod, waziri wa makoloni, aliweka wazi kwamba Kenya itatawaliwa na Waafrika walio wengi. Kutoka siku hiyo swali likabadilika. Haikuulizwa tena kama Mwafrika atatawala. Iliulizwa ni Mwafrika yupi. Machi mwaka huohuo viongozi walikutana Kiambu kuunda chama kimoja kikubwa, ambacho Mei kilizaliwa rasmi kwa jina la KANU. Ngala na Moi walichaguliwa kuwa mweka hazina na msaidizi wake hali wao wenyewe wako nje ya nchi. Vyeo vya juu vilikuwa vimekwenda kwa Wakikuyu na Waluo. Ngala na Moi wakavikataa vyeo walivyopewa. Juni 1960, Ngong, kwenye ardhi ya Wamaasai, vyama vidogovidogo viliungana: muungano wa Wakalenjin, wa Wamaasai, wa watu wa Pwani, chama cha Wasomali, na chama cha Muliro. Ndiyo KADU. Ngala akawa kiongozi, Muliro makamu wake, Moi mwenyekiti.

Hofu yao ilihusu ardhi kuliko jambo jingine lolote. Kakamega ilijua zaidi ya miji mingi jinsi ahadi ya ardhi inavyoweza kugeuka. Mwaka 1930 serikali ya mkoloni ilitunga sheria ikiahidi kwamba ardhi ya hifadhi za Waafrika itakuwa yao milele, na kipande kikichukuliwa kwa haja ya umma, kingine cha thamani sawa kitaongezwa mahali pake. Mwaka uliofuata dhahabu ikaonekana Kakamega. Wachimbaji wa Kizungu wakamiminika, mahema yakapigwa kando ya mito, na kufika Desemba 1932 sheria ilikuwa imebadilishwa upesi ili ardhi ya dhahabu iweze kutwaliwa bila kulipwa kwa ardhi nyingine na bila kuwauliza wenyewe. "Milele" ya mkoloni ilidumu miaka 2. Mtu aliyeyaona hayo akiwa kijana alikuwa mzee wa ukoo mwaka 1960, na alipoambiwa kwamba serikali mpya ya Nairobi itailinda ardhi yake, alikuwa na sababu nzuri ya kutaka maneno hayo yaandikwe, tena yafungwe kwa kufuli.

Lakini tukiishia hapo, tutawafanya walio wachache kuwa kundi moja lenye moyo mmoja. Hawakuwa hivyo hata siku moja. Ili kuona ni kwa nini, inabidi kwanza kutoka Kakamega kuelekea magharibi, kupita mashamba ya miwa, hadi Mumias, ambako makao makuu ya wilaya yalikuwa kabla ya kuhamishiwa Kakamega mwaka 1920.

Waingereza walipofika huku mwishoni mwa karne ya 19 walimkuta Nabongo Mumia wa Wawanga, mfalme aliyezoea misafara ya wafanyabiashara wa Kiswahili na Kiarabu, wakaamua kutawala kupitia kwake. Mwaka 1895 walipokwenda kuwapiga Wabukusu, waliandamana na wapiganaji wa jamii jirani, Wawanga wakiwemo. Ngome ya mwisho ya Wabukusu ilikuwa kwenye kilima cha Chetambe, kile kinachouangalia mji wa Webuye kutoka juu. Ilianguka, watu wengi wakauawa, mifugo ikaswagwa. Baadaye Mumia akatangazwa chifu mkuu mwaka 1909, na ndugu zake wakatawanywa kuwa machifu juu ya watu ambao hawakuwahi kumjua kama mfalme wao. Nduguye Murunga alipelekwa Kimilili kuwatawala Wabukusu, na akakaa huko hadi miaka ya 1930.

Kwa hiyo wasomi wa eneo hili, lililoitwa wakati huo Kavirondo Kaskazini, walipoanza, katika miaka hiyohiyo ya 1930, kulieneza jina la Waluhya ili liwakusanye Wamaragoli, Waidakho, Waisukha, Wakabras, Wawanga, Wabukusu, Wasamia na wengine, walikuwa wakijenga juu ya kiwanja chenye nyufa. Jina lilifanikiwa kwa kiasi cha kushangaza, nami nasema hivyo kwa heshima, kwa kuwa liliwapa watu waliogawanyika sauti ya pamoja mbele ya mkoloni na mbele ya majirani wakubwa. Hata hivyo Wabukusu waliendelea kudai wilaya yao wenyewe. Waliikumbuka Chetambe. Waliikumbuka pia Malakisi ya Februari 1948, ambapo polisi walifyatua risasi na kuwaua wafuasi 11 wa Dini ya Msambwa ya Elijah Masinde. Mwaka 1956 wakaipata: wilaya ya Elgon Nyanza, makao yake Bungoma. Kwa kupewa wilaya hiyo, walijikuta wamewekewa ndani yake majirani wa mlimani, Wasabaot, ambao nao hawakuombwa ruhusa. Tutarudi kwao.

Uchaguzi wa mwaka 1961 ulionyesha hesabu ilivyo. KANU ilipata asilimia 67 ya kura na viti 19. KADU, kwa asilimia 16 tu, ilipata viti 11, kwa kuwa maeneo yake makubwa yenye watu wachache yalikuwa yamepewa uzito. KANU ilikataa kuunda serikali hadi Jomo Kenyatta aachiliwe. KADU ikakubali, ikaungwa mkono na Michael Blundell na walowezi wake wa msimamo wa kati, pamoja na wajumbe walioteuliwa na gavana. Ngala akaiongoza serikali hiyo, Muliro akawa waziri wa biashara na viwanda. Hapo ndipo doa lililoifuata KADU maisha yake yote lilipoingia: kwamba ni chama cha vibaraka wa Wazungu. Mpango wa majimbo ulipotangazwa mwaka huo, wapinzani wakasema umeandikwa na walowezi wanaotaka kuyaokoa mashamba yao. Walowezi walikuwemo kweli, na KADU ilimleta pia mtaalamu wa katiba kutoka Uswisi. Bado hofu ya mkulima wa Kabras au mfugaji wa Kajiado haikuanzishwa na Blundell. Ilikuwepo kabla yake. Blundell aliikuta na akaitumia.

Jambo hili limetokea kwingine, na mfano unaonijia kwanza uko mbali sana na Kakamega, katika Bahari ya Pasifiki. Visiwa vinavyoitwa leo Vanuatu vilitawaliwa kwa pamoja na Uingereza na Ufaransa. Uhuru ulipokaribia, chama cha Walter Lini, chenye nguvu kwa waliosoma katika shule za Kiingereza, kilishinda uchaguzi wa Novemba 1979 kwa viti 26 kati ya 39. Waliosoma kwa Kifaransa na watu wa visiwa vya pembeni wakaogopa kumezwa. Katika kisiwa cha Espiritu Santo, Jimmy Stevens aliongoza vuguvugu la Nagriamel, lililoanza miaka ya 1960 kwa malalamiko ya haki kabisa: walowezi walikuwa wakizidi kuingia msituni kwenye ardhi ya wenyeji. Kufika mwaka 1980 walowezi haohao wa Kifaransa walikuwa upande wake, na wafanyabiashara wa Kimarekani waliotaka nchi isiyo na kodi walikuwa wakimfadhili. Katiba ilivipa visiwa vya Santo na Tanna mabaraza yao ya kimkoa, lakini hayakutosha kuwatuliza watu wake. Mei mwaka huo wafuasi wa Stevens waliushika mji wa Luganville na kutangaza nchi yao. Uhuru ulifika tarehe 30 Julai 1980 uasi ukiwa bado unaendelea, na ulizimwa mwezi uliofuata kwa askari walioletwa kutoka Papua New Guinea. Papua New Guinea yenyewe ilikuwa imepata uhuru Septemba 1975, siku chache baada ya kisiwa chake cha Bougainville kujitangazia uhuru wake.

Nayataja ya huko kwa sababu yanatusaidia kuyaona ya kwetu bila hasira za vyama. Malalamiko ya ardhi ya watu wachache, yakiwa ya kweli, huvuta wageni wenye haja zao. Kisha kuwepo kwa wageni hao hutumiwa kuyakana malalamiko yenyewe. Stevens aliishia gerezani, na mambo ya ardhi ya Santo yakabaki yakiitwa njama. Muliro na wenzake waliitwa vibaraka, na hofu ya watu wao ikafutwa kwa neno hilo moja.

Turudi barabarani. Kutoka Kakamega matatu hupita Lubao na Malava, nchi ya Wakabras, mashamba ya miwa kila upande na matrekta yanayovuta matela yaliyojaa kupita kiasi. Unavuka Nzoia, maji yake mekundu kwa udongo, kisha Webuye, na Chetambe juu yako. Hapo barabara inakata kulia kuelekea Misikhu na Kamukuywa. Kimilili iko pembeni, upande wa mlima. Nyumba zinaanza kuwa mbalimbali, mashamba yanapanuka, na mahindi yanachukua nafasi ya miwa.

Hii ndiyo njia ambayo Wabukusu walikuwa wakiipita kwenda kutafuta kazi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Trans Nzoia iligawiwa walowezi, wengi wao askari waliostaafu, na mwaka 1926 reli ikafika Kitale kuyachukua mahindi yao. Mahindi yalihitaji mikono. Sheria ya mwaka 1918 ilimruhusu Mwafrika kukaa kwenye shamba la Mzungu iwapo atamfanyia kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Maelfu ya Wabukusu walifanya hivyo, wakazaa watoto huko, wakazika wazee wao huko. Kwao, Trans Nzoia ilikuwa jasho lao. Wakati huohuo Wasabaot, Wapokot na Wakalenjin wengine walikumbuka kwamba kabla Mzungu hajaweka nguzo za ua, tambarare hiyo ilikuwa malisho ya mababu zao, na kwamba walisukumwa kutoka humo hadi mlimani. Tume ya Ardhi ya Carter ya miaka ya 1932 na 1933 ilisikiliza madai ya namna hiyo, lakini Trans Nzoia ikabaki mikononi mwa walowezi.

Sokoni Kiminini nilimwamkia mzee mmoja aliyekuwa akiuza vitunguu kwa mafungu. "Mulembe, kuka," nikasema. Akanijibu mulembe, akanisogezea gunia nikae. Nilipomwuliza kama hapa ni Magharibi au ni Bonde la Ufa, alinitazama kwa huruma. "Mwanangu, hapa baba alilima miaka mingi kwa Mzungu. Nilizaliwa huko nyuma ya ile mikaratusi. Hayo mengine ni ya serikali." Alipanga upya mafungu yake, vikubwa juu, vidogo chini, na tukazungumza kuhusu bei ya mbolea.

"Hayo mengine ya serikali" yaliamuliwa mwaka 1962. Mkutano wa pili wa Lancaster House ulifunguliwa Februari na kwenda hadi Aprili, na kwa wiki kadhaa ulikwama palepale: KANU ilitaka serikali moja yenye nguvu, KADU ilitaka majimbo. Reginald Maudling, aliyemrithi Macleod, aliwapatanisha kwa mfumo uliowapa KADU mengi ya waliyoyataka: mabunge ya majimbo, na Seneti ambamo kila wilaya ingekuwa na mjumbe mmoja, ndogo sawa na kubwa, pamoja na mmoja wa Nairobi, jumla 41. Vifungu vilivyolinda majimbo visingebadilishwa ila kwa robo tatu ya Baraza la Wawakilishi na asilimia 90 ya Seneti. Serikali ya mseto iliundwa, na uchaguzi ukasogezwa hadi Mei 1963 ili mipaka ichorwe kwanza. Wale wanaouliza kwa nini Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961 na Uganda mwaka 1962 huku Kenya ikingoja hadi Desemba 1963, sehemu ya jibu iko kwenye kazi hiyo ya kuchora mipaka, pamoja na madai ya Mwambao huko Pwani na ya Wasomali kaskazini mashariki, ambayo kila moja lina safari yake ndefu.

Tume ya Mipaka ya Majimbo iliongozwa na Sir Stafford Foster-Sutton. Ilizunguka nchi katikati ya mwaka 1962 ikiwauliza watu swali ambalo mkoloni hakuwahi kuwauliza kwa miaka 60: mngependa kukaa na nani? Majibu yalimiminika. Waluhya walisema hawataki kubaki mkoa mmoja na Waluo chini ya Kisumu. Hilo walikubaliwa, na ndivyo Magharibi ilivyozaliwa. Wabukusu wakaongeza: tunataka na Trans Nzoia, na mji wake wa Kitale. Wakalenjin wakasema Kitale ni ya Bonde la Ufa. Wasabaot wakasema wao wenyewe wanataka kutoka Elgon Nyanza waende kwa ndugu zao wa Bonde la Ufa.

Tazameni waliokuwa wakibishana. Muliro alikuwa makamu wa kiongozi wa KADU. Moi alikuwa mwenyekiti wa KADU. Chama kilichoundwa ili mkubwa asichukue ardhi ya mdogo kilikuwa kimefika mahali ambapo lazima kiamue ni mdogo yupi atakayeikosa. Kanuni yao, kwamba ardhi ya jimbo itasimamiwa na watu wa jimbo, ilitosha pale Mkikuyu na Mkalenjin walipokuwa wakigombania Uasin Gishu. Ilipoletwa Kitale ilikata pande zote mbili, kwa sababu atakayeupata mji ataipata pia bodi itakayogawa mashamba ya Wazungu wanaoondoka. Hakuna kati ya viongozi hao wawili aliyeweza kurudi nyuma. Kila mmoja alikuwa na watu nyumbani waliokuwa wakisubiri habari.

Taarifa ya Foster-Sutton ilitoka mwishoni mwa mwaka 1962. Trans Nzoia na Kitale zikaenda Bonde la Ufa. Baadhi ya mashamba ya walowezi yaliyopakana na hifadhi za zamani, kama Lugari na Tongaren, yakaja kuwa upande wa Magharibi na kugawiwa wananchi katika maskimu ya makazi. Wasabaot wakaachwa Elgon Nyanza, ndani ya Magharibi. Kwa kalamu moja, Wabukusu walikosa mji walioulimia na Wasabaot wakakosa ndugu zao. Mwaka 1963 watu waliuana katika maeneo hayo ya mpakani, na walioumizana walikuwa wapiga kura wa chama kimoja.

Mei 1963 KANU ilishinda nchi nzima, na KADU ikabaki na Bonde la Ufa, Pwani na Magharibi. Ngala akawa rais wa jimbo la Pwani, Moi wa Bonde la Ufa. Tarehe 1 Juni ikawa Madaraka. Katika mkutano wa tatu wa London, Septemba na Oktoba, KANU ilidai polisi na watumishi wa umma warudishwe chini ya serikali kuu. KADU ilitishia kuigawa nchi. Waingereza walipima nguvu za pande mbili, wakaona KADU haina uwezo wa kutimiza tishio hilo, wakaipa KANU sehemu kubwa ya ilichotaka. Naamini walikuwa sahihi katika kipimo chao. Kungetangazwa nchi gani, na Kitale ingekuwa ya nani humo?

Baada ya tarehe 12 Desemba mwisho ulikuja haraka. Fedha za majimbo zilicheleweshwa, maofisa waliendelea kupokea amri kutoka Nairobi, na wabunge wa KADU wakaanza kuvuka mmoja mmoja. Kenyatta hakuhitaji kuubomoa ukuta. Aliwangoja waliokuwa nyuma yake watoke kwa mlango. Tarehe 10 Novemba 1964 Ngala alisimama bungeni na kutangaza kwamba KADU imejivunja. Desemba Kenya ikawa jamhuri. Moi akapewa Wizara ya Mambo ya Ndani, na Januari 1967 akawa makamu wa rais. Muliro hakuwamo katika baraza hilo la kwanza la jamhuri. Majimbo yakageuzwa kuwa mikoa iliyotawaliwa na wakuu wa mikoa walioteuliwa na rais, na Seneti ikafutwa. Kakamega ikabaki makao makuu, ila sasa ya ofisi iliyoitumikia Nairobi.

Muliro mwenyewe aliendelea. Aliingia baadaye katika serikali, akafukuzwa uwaziri Juni 1975 kwa kupiga kura kuunga mkono ripoti ya kamati ya bunge kuhusu mauaji ya mbunge J. M. Kariuki. Alikuwa pia mbunge ndani ya Trans Nzoia ileile aliyoshindwa kuileta Magharibi. Wabukusu wengi walikuwa wamefika huko kwa njia nyingine: walichanga fedha katika vyama na kampuni za kununua ardhi, wakanunua mashamba ya Wazungu walioondoka. Ukiingia Kitale leo, ukapita maghala ya nafaka na stesheni ya zamani, utasikia Kibukusu kila pembe ya soko. Mji walioukosa kwa ramani waliufikia kwa risiti. Haukuwa ushindi wa amani: mwaka 1991 na 1992, vyama vingi vilipokuwa vinarudi, nyumba zilichomwa Trans Nzoia na Mlima Elgon, na majimbo yakatajwa tena majukwaani, safari hii kama amri ya kuwafukuza "wageni". Wanasiasa waliolitumia neno hilo hivyo walimharibia Ngala kazi yake zaidi ya KANU ya mwaka 1964.

Kutoka Kitale, asubuhi isiyo na mawingu, Mlima Elgon unaonekana wote. Huko ndiko nilikotaka kufika tangu Kakamega, kwa sababu hesabu ya mwaka 1962 haijafungwa huko. Daniel Moss, aliyekuwa mbunge wa Mlima Elgon, aliongoza madai ya Wasabaot ya kuhamia Bonde la Ufa, na hayakukubaliwa. Mwaka 1993 walipewa wilaya yao. Katiba ya mwaka 2010 ilipounda kaunti 47, wilaya hiyo ikarudi ndani ya Bungoma, na Wasabaot wakawa tena wachache kati ya Wabukusu, ingawa kifungu cha 174 cha katiba hiyohiyo kinasema ugatuzi umewekwa pia kwa ajili ya kulinda haki za walio wachache.

Na ndani ya Wasabaot kuna wadogo zaidi. Waogiek wa Chepkitale waliishi juu ya mlima, kwenye nyasi za baridi zilizo juu ya msitu. Mwaka 1968 Chepkitale ilitangazwa hifadhi ya wanyama bila wao kuulizwa. Mwaka 1971 serikali ilianzisha skimu ya Chepyuk, chini kidogo, ili kuwahamishia huko. Wasabaot wengine nao wakaitaka ardhi hiyo, mgao ukafanywa na kufutwa na kufanywa tena, na kutoka ugomvi huo likazuka mwaka 2006 kundi lenye silaha la SLDF. Liliua, likakata watu masikio, likawafukuza maelfu. Machi 2008 jeshi lilipanda mlima kwa jina la Operesheni Okoa Maisha, na wanaume wengi waliochukuliwa hawakurudi.

Waogiek hawakushika bunduki hizo. Wengi walirudi Chepkitale, wakafukuzwa, wakarudi tena, wakaandika kanuni zao wenyewe za kuutunza msitu na tembo wake, kisha wakaenda mahakamani. Kesi yao ilisikilizwa Bungoma, mbele ya Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Septemba 2022, miaka 60 tangu Foster-Sutton alipokuwa akizunguka na ramani zake, mahakama iliamua kwamba Chepkitale ni ardhi ya jamii, na kwamba jamii hiyo ni wao.